London hadi Paris: Safari ya ‘saa moja’ iliyomliza mtoto

MZAZI, ukiambiwa safari ni ya saa moja tu, uliza kwanza: saa moja kutoka wapi hadi wapi?

Nilijifunza hilo nilipomtembelea dada yangu anayeishi London. Alitaka twende Paris kwa siku tatu, yeye, mimi na mwanawe wa miezi tisa. Kwa mstari ulionyooka miji hiyo imeachana takribani kilomita 340. Dar es Salaam na Dodoma zimeachana zaidi ya hapo. Tiketi ya ndege iliandikwa saa moja na robo. Tukaona ni safari ya kufumba na kufumbua.

Tulitoka nyumbani saa 11 alfajiri. Ukaguzi, foleni, kusubiri. Ndege ikaondoka saa 2:30 asubuhi. Angani hatukumaliza hata saa moja. Kisha pasipoti, mizigo na treni ya kuingia mjini, maana uwanja wa Charles de Gaulle uko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Paris. Tulifika tulikofikia saa 6:30 mchana. Ufaransa iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, kwa hiyo safari nzima ilikula saa sita na nusu.

Lakini lililoniuma si muda. Mtoto alikuwa na mafua. Ndege ilipoanza kushuka alikuwa amelala, nasi tukamwacha apumzike. Ghafla aliamka akipiga kelele huku akijivuta sikio. Mimi, mama yake mdogo, ninayeandika habari za afya kila wiki, nilikuwa nimesahau jambo ninalolijua.

Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa ndani yake huongezeka. Mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua hutakiwa kufunguka ili kusawazisha hewa. Kwa mtoto mrija huo ni mwembamba, na mafua huuziba zaidi. Kumeza ndiko huufungua. Dada alipompa ziwa, alitulia taratibu.

Kwa hiyo mwamshe mtoto kabla ndege haijaanza kushuka, kiasi cha nusu saa kabla ya kutua. Katika safari fupi kama hii, hiyo ni mara tu baada ya kupaa na kutulia angani. Mnyonyeshe au mpe chupa akiwa ameketi wima kidogo. Mkubwa anywe maji kidogo kidogo. Akiwa na homa, mafua makali au maumivu ya sikio, mwone daktari kabla ya safari, na usimpe dawa ya pua kwa kubahatisha. Maumivu yasipoisha baada ya kutua, au sikio likitoa usaha, mpeleke hospitali.

Kurudi tulipanda treni inayopita chini ya bahari, kwenye njia iliyofunguliwa mwaka 1994. Yenyewe hutumia saa mbili na robo hivi, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Tukijumlisha na ukaguzi, mlango hadi mlango haikufika saa tano. Handakini masikio yaliziba kidogo, lakini mtoto alikuwa ananyonya, hakulia.

Siku hizi dada akipanga safari haulizi ndege inatumia saa ngapi. Anauliza kwanza, “Mtoto ana mafua?”