Lushoto: Ua la Bibi na Mboga ya Hatari

Safari ni shule. Akina mama sita wa kikundi chetu cha huduma tulipanda basi dogo kutoka Mombo kwenda Lushoto kuwatembelea wajane. Barabara hiyo ya kilomita zipatazo 33 hujipinda kandokando ya korongo, na kila kona hewa huzidi kuwa baridi. Tulipofika sokoni tulikuta mapeasi, kabichi na karoti zimepangwa mafungu mafungu, nasi tukavaa masweta yetu.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja asiyejua kusoma. "Shikamoo bibi," tulimsalimu. "Marahaba wanangu, karibuni." Barazani kwake palikuwa na ua dogo la zambarau katika kopo la rangi. Mmoja wetu alilipiga picha kwa simu, akaiagiza itafute picha zinazofanana nalo. Punde si punde majibu yakaja: asili ya ua hilo ni milima hiyohiyo ya Tanga! Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ulaya, na leo linapamba madirisha ya nyumba nyingi huko. Bibi alicheka sana. "Kumbe nakaa na mtu mashuhuri bila kumjua!"

Tukamwonyesha pia alama ya kipaza sauti. Tangu 2017 Google hupokea Kiswahili cha kusemwa, hivyo asiyejua kuandika naye aweza kuuliza. Bibi aliinamia simu akauliza habari za maumivu ya magoti. Aliposema Kiswahili ilimwelewa. Alipochanganya na Kisambaa, ikaleta habari za magari!

Lakini kicheko kilikatika jikoni. Binti aliyetumwa kuchuma mboga alileta mnavu, na ndani yake mlikuwa na majani machanga tusiyoyatambua. Tukapiga picha. Simu ikaleta mimea kadhaa: mmoja ni mboga, mwingine ni sumu. Hapakuwa na ua wala tunda la kututofautishia, na maji yalikwisha chemka. Baadhi yetu tukasema, "Ni huu wa kwanza, tupike." Bibi akachukua jani moja, akalifikicha, akalinusa. "Huu ni mnanaha. Mwageni wote!" Tukamwaga.

Sisi tulio wauguzi twajua mnanaha hufanya nini. Kinywa hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, na mgonjwa huweweseka. Unaweza hata kuua, hasa watoto. Tulikuwa watu wazima sita, wenye simu na vyeti, na tulikaribia kuupika.

Simu hulinganisha umbo na rangi za picha, lakini haina pua. Hutuletea kinachofanana, na kufanana si kuwa kile kile. Akina mama, tuitumie kujifunza na kuwasaidia wazazi wetu wasiosoma. Lakini tusipike jani wala kumeza kidonge kwa sababu ya picha tu. Tumwulize anayekijua kitu hicho. Na aliyekwisha kula mboga ya mashaka awahishwe hospitali, pamoja na mabaki ya mboga hiyo, bila kungoja dalili.

Jioni tuliteremka Mombo. Bibi alitupa majani mawili ya lile ua tukayapande nyumbani. Wahenga walisema kweli: penye wazee haliharibiki neno.