Mwanga na Wanga

Katika kamusi za Kiswahili, neno mwanga huingizwa mara mbili. Mwanga wa kwanza ni nuru itokayo katika jua, mwezi, taa au moto. Mwanga wa pili, ambaye wingi wake ni wanga, ni mchawi atembeaye usiku kwa nia ya kuwadhuru wenzake. Maneno haya huchukuliwa kuwa mawili yaliyosadifiana kwa sauti tu, na upatanisho wa kisarufi huyatenganisha pasi na taabu: mwanga unaangaza, ilhali mwanga anawanga. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusafiri usiku wa manane katika barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Nakuru atakubali kwamba huko barabarani maneno haya hukaribiana mno. Taa inayomwangazia dereva mmoja ndiyo hiyo hiyo inayomfumba macho dereva anayekuja mkabala naye.

Jambo hili lilimfika mkulima mmoja wa viazi wa Kinangop Kusini, mzee anayekaribia umri wa miaka 70, kwa sababu ya pikapu yake kuukuu, Toyota Hilux ya mwaka 1986. Pikapu hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe wote. Mara mbili kwa wiki huondoka Njabini yapata saa nane usiku, akafuata njia ya Flyover, akakata msitu wa Kinale, kisha akapitia Kimende na Limuru hadi Soko la Wakulima jijini Nairobi, lile ambalo wengi huliita Marikiti. Sharti afike kabla ya mapambazuko. Anayechelewa huwakuta wachuuzi wamekwisha kununua, na viazi vyake hubaki kutajiwa bei ya kutupa. Safari ya usiku kwake si hiari, ni sehemu ya kilimo kama ilivyo palizi.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umelala barabarani karibu na Kimende, mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maziwa ulichomoza mbele ya pikapu kana kwamba umeota ardhini. Haukuwa na taa wala kibati cha kuakisi mwanga. Mzee aliukata usukani, gurudumu likaingia changaraweni, magunia mawili yakaanguka. Mwenye punda hakupata hata mkwaruzo. Alishuka, akamsaidia mzee kuyapakia magunia upya, kisha akasema kwa upole, "Mzee, mimi nilikuona kutoka mbali sana. Nilidhani nawe umeniona."

Maneno hayo yalimchoma mzee kuliko matusi. Ni kweli kwamba taa zake zilikuwa za rangi ya chai hafifu, na aliendesha akitegemea zaidi kumbukumbu ya barabara kuliko macho. Kwa mujibu wa kanuni za barabara za Uingereza, gari linalokwenda kwa mwendo wa takribani kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 53 hivi ili lisimame. Hilo ni gari dogo, lenye breki nzuri, katika barabara kavu. Pikapu iliyobeba magunia 15 ya kilo 50 kila moja huhitaji zaidi. Dereva ambaye taa zake hazifiki umbali huo huwa anaingia mahali ambapo hajapaona.

Kitindamimba wake, anayefanya kazi Nairobi, aliposikia habari hiyo hakupoteza wakati. Taa za pikapu zilikuwa za mtindo wa zamani ambapo kioo, kiakisi na utambi wa kuwakia vimefungwa kuwa kitu kimoja kisichofunguka. Mtindo huo uliwekwa kuwa sharti kwa magari ya Marekani kuanzia mwaka 1940, nao ulienea pia katika nchi nyingine. Utambi ukikatika, taa nzima hutupwa. Kijana alikwenda Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri, akanunua makasha mapya ya taa yenye umbo na ukubwa ule ule lakini yanayopokea balbu ya kubadilishwa. Badala ya balbu za kawaida za halojeni alinunua zile za LED, nyeupe kama theluji. "Baba," alisema alipokuwa akizifunga, "hizi ndizo za siku hizi. Ukiwa Njabini utaona Marikiti."

Kwa majuma mawili mzee alikuwa mtu mwenye furaha. Vibao vya barabarani vilimrukia macho kutoka mbali, na miti ya Kinale ilisimama wima kama askari wa gwaride. Jambo la pekee lililomshangaza ni ukali wa madereva wengine. Kila aliyekutana naye alimwashia taa kwa hasira, hata baada ya yeye kupunguza zake. Akadhani ni husuda. Hatimaye dereva mmoja wa lori la maziwa, ambaye wamejuana kwa miaka mingi, alimfuata sokoni akamwamkia, akamvuta kando. "Mzee, usinielewe vibaya," alisema. "Siku hizi tukikutana nawe huwa nasimama kando ya barabara mpaka upite. Juzi kijana wa bodaboda aliyekuwa mbele yangu alitumbukia mtaroni. Hatuoni pikapu tena, tunaona jua."

Mzee alirudi nyumbani akiwa kimya. Alikuwa ameponea chupuchupu kumwua mtu kwa giza, na sasa alielekea kumwua mwingine kwa nuru.

Fundi aliyemsaidia ni mtu mzima wa makamo mwenye kibanda cha umeme wa magari mjini Limuru. Kabla ya kugusa chochote aliichomoa balbu ya LED na kuiweka mezani kando ya balbu kuukuu ya halojeni ya aina ya H4, aina ambayo imekuwapo tangu mwaka 1971. Balbu ya H4 ina tambi mbili: mmoja wa wati 60 kwa ajili ya taa ya mbali, ambayo madereva huiita fuli, na mwingine wa wati 55 kwa ajili ya taa ya karibu, ambayo huitwa dimu. Chini ya utambi wa dimu pana kikombe kidogo cha chuma. Kazi ya kikombe hicho ni kuuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi, kwa kuwa mwanga unaoipiga nusu hiyo hurushwa juu, yaani machoni mwa anayekuja. Kiakisi nacho kimechongwa kwa kuzingatia mahali hasa ulipo utambi. Ukisogea hata kwa milimita chache, mpangilio wote huvurugika. Chembe za LED hazina umbo la utambi, wala katika balbu zile alizonunuliwa mzee hazikukaa mahali pake. Kwa hivyo mwanga ulikuwa mwingi lakini haukuwa na adabu: ulitawanyika juu, kando na kila pahali.

Kasoro ya pili ilikuwa katika makasha yenyewe. Taa ya karibu haimwagi mwanga sawasawa pande zote. Huinuliwa kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili dereva awaone waendao kwa miguu, na hushushwa upande wa magari yanayokuja. Nchini Kenya, kama ilivyo Japani na Uingereza, magari hupita kushoto, basi mwanga huinuliwa kushoto. Makasha yale yalikuwa yametengenezewa nchi ambazo magari hupita kulia. Yalikuwa yanawaficha waendao kwa miguu na kuwamulika madereva. Kosa hili halionekani dukani, kwa maana makasha yote hufanana yakiwa rafuni. Hudhihirika usiku tu, na anayelijua kwanza si mwenye gari.

"Basi nirudishie zile za zamani," mzee alisema kwa kukata tamaa.

"Mzee, za zamani hazikuwa na hatia," fundi alimjibu. "Zilikuwa na njaa."

Akaiwasha injini, akachukua kipimo cha umeme. Kwenye betri palikuwa na volti 13.8. Nyuma ya taa palikuwa na volti 12.4. Upungufu wa asilimia kumi hivi huonekana kuwa mdogo, lakini mwanga wa utambi haupungui kwa kiwango sawa na umeme. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takribani asilimia 30. Katika magari mengi ya umri huo, umeme wote wa taa hutoka kwenye betri, ukapita katika waya nyembamba hadi kwenye swichi iliyo karibu na usukani, kisha ukarudi mbele hadi kwenye taa. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea tisa hivi, na waya zilizozeeka kwa karibu miaka 40, zenye viungo vilivyoota kutu, huutoza umeme huo ushuru kila hatua.

Tiba ilikuwa rahisi, nayo ilimaliza asubuhi moja. Fundi alifunga relei mbili karibu na betri, moja ya fuli na nyingine ya dimu. Tangu hapo swichi ya usukani haibebi mzigo wa umeme. Kazi yake ni kutoa amri tu, na relei huitekeleza kwa kuufungulia umeme njia fupi kutoka kwenye betri kupitia waya mnene mpya. Kila njia ilitiwa fyuzi jirani na betri, ili waya ukichubuka usije ukaiteketeza pikapu. Alikwangua kutu na rangi mahali waya wa kurudisha umeme unaposhikana na bodi. Akafunga makasha yaliyotengenezewa nchi za kupita kushoto, na ndani yake balbu za kawaida za halojeni za wati 60 na 55. Mzee alipouliza kama hazipo zenye wati 100, fundi alikiri kwamba zipo, akamwonyesha kishikio cha plastiki kilichoyeyuka kwa joto la balbu kama hizo. Hakuziuza.

Iliyobaki ilikuwa kuzielekeza. Hapa ndipo pikapu inapotofautiana na gari la abiria, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Pikapu ikipakiwa, springi za nyuma huzama na pua huinuka, na taa zilizopimwa kwa usahihi likiwa tupu huanza kutazama juu. Fundi alimtaka mzee arudi siku ya soko akiwa na mzigo wake wote. Jioni hiyo pikapu ilisimamishwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, magunia 15 yakiwa juu yake na mzee ameketi kwenye kiti chake. Kwa chaki ulichorwa mstari ulio sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Fundi alizungusha skrubu za nyuma ya taa hadi ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ulipolala juu ya mstari huo. Likiwa tupu, gari hili litaona karibu kidogo, lakini likiwa tupu pia husimama upesi zaidi.

Safari iliyofuata haikuwa na mbwembwe. Barabara haikumetameta kama ilivyokuwa chini ya LED, lakini ukingo wa kushoto ulionekana wazi, na hakuna aliyemwashia taa kwa hasira. Jambo moja tu halikubadilika. Kila alipokutana na magari, mzee aliona duara la nuru kuzunguka taa zao, na baada ya kupishana alikaa kwa muda bila kuona kitu. Alipomweleza fundi, fundi alicheka kidogo kisha akanyamaza. Akamshauri aende kwa daktari wa macho, kwa sababu hilo halikuwa tatizo la waya.

Daktari alikuta mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Lenzi ya jicho ilikuwa imeingia ukungu kwa ajili ya umri, na ukungu huo huutawanya mwanga ndani ya jicho kama balbu zile zilivyoutawanya nje. Kwa hivyo hata taa nzuri ya mwingine ilimpofusha. Hakuna relei wala balbu ambayo ingetibu hali hiyo. Uamuzi wa kumkabidhi mwanawe ufunguo wa pikapu kwa safari za usiku, mpaka afanyiwe upasuaji, ulimwuma mzee kuliko gharama yote aliyoitumia kwa taa. Mtu aliyeendesha usiku kwa zaidi ya miaka 30 haoni haya kusema gari lake limechakaa. Kusema jicho lake limechakaa ni jambo jingine. Hata hivyo aliukabidhi, kwa kuwa alimkumbuka mwenye punda, ambaye alimwona kutoka mbali akidhani naye ameonwa.

Watu wengi hununua taa kwa kuuliza swali moja tu: itanionyesha umbali gani? Swali hilo ni halali, ila ni nusu ya swali. Barabarani usiku kila dereva ni mgeni katika macho ya mwenzake, na kuipunguza taa unapokutana naye ni kupiga hodi. Anayepiga hodi haombi msamaha kwa kufika. Anakiri tu kwamba ndani mna mtu. Taa ya pikapu ile kuukuu sasa hupiga hodi ipasavyo, na dereva wa lori la maziwa huijibu kwa kupunguza zake, nao hupishana bila mmoja kusimama kando.