Simu Ipime Shamba, Mpaka Uachiwe Minyaa

Ndugu mkulima, siku hizi simu janja zimeingia vijijini. Simu hizi huweza kupima shamba. Unazunguka shamba lako ukiwa nayo mkononi. Ukirudi ulipoanzia, inakuonyesha ukubwa wa shamba kwa eka. Jambo hili ni jema, lakini tujue linafaa wapi.

Simu hujuaje mahali ulipo? Juu sana angani kuna setilaiti, yaani mitambo inayoizunguka dunia. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi, kisha hukadiria mahali ilipo. Penye anga wazi, kosa lake huwa kama mita 5. Chini ya miembe kosa huongezeka.

Je, mita 5 ni nyingi? Inategemea kazi yako. Shamba la mraba la eka 10 lina kama mita 200 kila upande. Simu ikizidisha mita 5 kila upande, utapata eka 10 na nusu. Kwa kukadiria mbegu, hiyo si hasara kubwa. Lakini robo eka ina mita 32 tu kila upande. Ukiongeza mita 5, robo eka itaonekana kama theluthi ya eka. Hapo utanunua mbolea ya shamba usilokuwa nalo!

Mimi ni bwana shamba. Kwa mashamba makubwa natumia simu. Kwa bustani natumia kamba yenye alama za mita. Nafasi za mahindi, sentimita 75 kwa 30, nazipima kwa kamba pia.

Katika kijiji kimoja, majirani wawili waligombana vibaya. Simu ilionyesha kuwa mpaka umeingia hatua 3 kwa jirani. Mmoja alikuja na panga ili akate minyaa iliyopandwa na wazee wao. Niliwaambia, "Ndugu zangu, hatua 3 ni ndogo kuliko kosa la simu yenyewe." Tuliwaita wazee wanaoujua mpaka. Minyaa ikabaki, na majirani wakasalimiana.

Ndugu msomaji, tumia simu kukadiria shamba kubwa. Shamba dogo lipime kwa kamba. Ukiwa na ugomvi wa mpaka, nenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Usimchukie jirani yako kwa sababu ya hatua 3 za simu.