Mlima Kenya kwa Mbali, Dandora kwa Karibu

Wakati wa korona, Nairobi haikufungwa kabisa kama Wuhan, China. Ilizingirwa. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na kuanzia tarehe 6 Aprili polisi wakaweka vizuizi kwenye barabara za kuingia na kutoka jijini. Ndani ya vizuizi hivyo watu waliendelea kuchuuza na kusaka unga, ila magari yalipungua, na matatu ya abiria 14 ikaamriwa ibebe 8.

Sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, tulizijua habari hizo kwa pua. Asubuhi ya kawaida kwenye Jogoo Road, mabasi makuukuu humtemea mpita njia moshi mweusi usoni. Ukijifuta shingo kwa leso, leso inatoka na masizi. Aprili ile niliteremsha barakoa kidogo (askari hakuwapo) nikanusa udongo uliolowa mvua. Kando ya barabara hiyo, hilo lilikuwa jambo geni kwangu.

Kwenye paa la ghorofa moja huko Umoja, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji, wapangaji walikuwa wakipanda alfajiri kutazama Mlima Kenya. Uko umbali wa kilomita 150 hivi. Nami niliuona: weusi uliochongoka, umesimama peke yake upande wa kaskazini. Mama mmoja aliyekuwa akianika mashuka aliniona nimeduwaa. "Kijana, huo mlima haujaletwa jana," akaniambia, akaendelea na kazi yake.

Picha za mlima huo zilizagaa mitandaoni, na wengi wakaapa kwamba zimetengenezwa. Mabishano hayo yalinikera, kwa sababu wazee wa mji huu wamezoea kuuona mlima huo asubuhi angavu baada ya mvua. Na hapo ndipo tusiipe kafyu sifa zote: Aprili ni masika, na mvua huosha vumbi na masizi hata kama magari yamejaa barabarani. Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwingine. Jalandhar, India, Aprili haina masika, lakini watu waliona milima ya Dhauladhar kutoka kwenye mapaa yao muda mfupi tu baada ya nchi kufungwa. Juu ya China, setilaiti zilionyesha kushuka kwa naitrojeni dayoksaidi, gesi ambayo mijini hutoka hasa kwenye injini za magari na viwandani.

Lakini pale Umoja, ukitazama upande ule ule wa mlima, kitu cha kwanza kukutana na macho ni moshi wa jaa la Dandora.

Nilishuka nikaenda kwa miguu kupitia Kariobangi. Jaa hilo lilianza miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori yalikuwa bado yanamwaga. Makorongo walisimama juu ya marundo, na watu wenye magunia walichokora chini yao. Sehemu nyingine takataka zilikuwa zikifuka zenyewe, kwa gesi inayojikusanya chini. Kwingine vijana walichoma nyaya ili wapate shaba, na moshi wake ulikuwa mzito, wenye utamu unaochoma koo. Barakoa yangu ya kitambaa haikunisaidia kitu.

Ng'ambo ya ua wa mabati, kwenye chumba kimoja, jiko la makaa lilikuwa mlangoni na watoto watatu wamekaa nyuma yake. Shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, kwa hiyo saa ambazo wangekuwa darasani walizimalizia hapo, kati ya moshi wa jiko na moshi wa jaa. Sidhani kuna aliyewapiga picha wakati wa msisimko ule wa mlima. Hewa safi ya kafyu iligawanywa kama kila kitu kingine Nairobi: waliokaa mbali na jaa na wanaopikia gesi walipata fungu kubwa.

Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora liondolewe ndani ya miezi 6. Mwezi huo huo serikali ikaanza kutoza gesi ya kupikia VAT ya asilimia 16. Kodi ilianza kukusanywa mara moja. Miezi 6 ilipita, na malori yakaendelea kumwaga taka Dandora.