Imezimwa au Imezimika?

Muhula mmoja, chuoni kwetu nchini Uganda, tulikaribia kumponza mtu kwa kiambishi kimoja. Mara tatu tulirudi kutoka darasani mchana na kuikuta kompyuta ya mezani kimya, alama za wanachuo ambazo hatukuwa tumezihifadhi zimepotea. Aliyeingia ofisini kufagia ni mhudumu peke yake. Tukamkaripia, kisha tukaanza kumwandikia Mkuu wa Chuo: “Kompyuta imezimwa mara tatu na mhudumu…” Hatujafika kwenye nukta, kioo kikawa cheusi mbele ya macho yetu. Mhudumu alikuwa nje, akimwagilia maua.

Fundi tuliyemwita hakushika bisibisi kwanza. Aliuliza: “Mwalimu, imezimwa au imezimika? Au inaganda? Au inajiwasha upya?”

Swali hilo lingefaa kuwa mtihani wa mnyambuliko. Imezimwa, yenye -w-, ina mtenda hata asipotajwa. Imezimika, yenye -ik-, yaeleza hali tu, wala haikubali kufuatwa na “na mhudumu”. (Wengi wetu husema “imezima” na kuificha tofauti hiyo.) Kwa fundi, kila kauli ilikuwa na ugonjwa wake. Ikizimika ghafla pasi na ujumbe wowote, hushuku joto au pawa saplai. Ikitoa kioo cha buluu chenye maandishi, huanza na RAM, diski au programu.

Akafungua ubavu wa kompyuta. Feni ya prosesa ilikuwa imesongwa na vumbi jekundu la barabara yetu, haizunguki tena. Ule uji upakwao kati ya prosesa na chuma cha kuipoozea umekauka kama chokaa. Prosesa ikipata joto mno, alisema, kompyuta hujizima ili isiungue. Hujizima! Tukamkatiza: basi mtenda yupo, naye ni kompyuta yenyewe. Akacheka, akaendelea kupangusa.

Alipaka uji mpya, akaweka feni nyingine, akaiacha ikifanya kazi saa nzima katika joto la mchana. Haikuzimika. Pawa saplai hakuigusa. Ukibadilisha kila kitu kwa pamoja, alisema, hutajua kibovu kilikuwa kipi.

Barua haikuwa imehifadhiwa, nayo ikapotea. Tulikwenda kumwomba radhi mhudumu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kufagia chini ya meza ile. Tulikuwa tumemkataza tangu mwanzo wa muhula.