Kumnyima Rafiki Msimbo

Sidhani kama kuna karatasi chuoni inayogawiwa kwa wingi na kusomwa kidogo kama mwongozo wa kozi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutafuta mambo mawili tu: kozi weki ni asilimia ngapi, na testi ya kwanza ni lini. Akishaona 40 kwa 60, anaikunja na kuitia kwenye begi, na huko ndiko itakakozeekea.

Kwa hiyo mimi, ninayefundisha somo la utangulizi wa kuandika programu, siku ya kwanza husoma kifungu kimoja tu kwa sauti. Mambo ya mahudhurio na tarehe za testi watajisomea, au watamuuliza CR, mwakilishi wa darasa, kwenye grupu la WhatsApp. Kifungu ninachokisoma ni kile kinachoeleza wanaruhusiwa kusaidiana hadi wapi, na kila mwaka nikifika hapo naona nyuso zinabadilika.

Zina haki ya kubadilika. Mtoto wetu amekuzwa akijua kwamba kuitwa mchoyo ni tusi. Amesoma bweni, ambako sukari ni ya wote na daftari la mwenzio ni lako ukiliomba vizuri. Amefika chuoni amepata chumba cha watu wanne chenye laptopu moja, na wasio nayo wanaandika Python kwenye simu, kwa kidole gumba. Bumu likichelewa, mwenye unga analisha wasio nao. Halafu anakuja mtu mzima mwenye miwani anamwambia: rafiki yako akikwama usiku, na Moodle inafunga saa 5:59, usimpe kazi yako. Kwa masikio yake nimemwambia awe mtu mbaya.

Siku hizi nawaambia tofauti moja ambayo huwatuliza kidogo. Mashine azima. Bando gawa. Muda wako toa mpaka uchoke. Msimbo wako ndio usitoke.

Utaratibu wenyewe nimeuchukua kwenye CS50, kozi ya Chuo Kikuu cha Harvard inayofundishwa na David Malan, ambayo mihadhara yake iko bure mtandaoni na baadhi ya wanafunzi wangu huja wakiwa wameshaiangalia. Kule, kwa kifupi, aliyekwama anaruhusiwa kumwonyesha mwenzake msimbo wake, ila haruhusiwi kuutazama wa mwenzake. Msaada unakwenda upande mmoja. Na kuhusu tatizo lenyewe wanaweza kuzungumza watakavyo, mradi wazungumze kwa lugha ya watu.

Hilo la mwisho niliposoma mara ya kwanza nililiona dogo. Kumbe ndilo lenye kazi kubwa. Muhula mmoja nilikuwa napita kwenye veranda ya maabara, wanafunzi watatu wamekaa sakafuni, wanahangaika na programu ya kutafuta wastani wa alama za darasa. Programu ya mmoja ilikuwa inatoa wastani mdogo ajabu.

"Jumla yako unaianzisha wapi?" mwenzake alimuuliza.

"Ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya lupu."

"Sasa si kila ikizunguka inarudi sifuri?"

Kimya. Kisha nikasikia "aaah!" ndefu, na vidole vikaanza kugonga. Yule muuliza swali hakugusa kibodi ya mwenzake wala hakufungua laptopu yake mwenyewe. Angetuma faili kwa WhatsApp, lingefika kwa sekunde mbili na yule mwingine angepata alama zilezile. Asingejua tu kwamba jumla huanzishwa nje ya lupu, na wiki mbili baadaye, tulipofika kwenye lupu ndani ya lupu, angerudi kwa rafiki yake tena, mara hii akiwa na aibu zaidi.

Watu wa nje hudhani kifungu hiki kinalinda alama. Kazi yake hasa ni kulinda ule muda wa kukwama, maana katika somo hili ndio darasa lenyewe. Kuna fani unazoweza kujifunza kwa kumtazama fundi na kukariri. Kwenye programu, aliyetazama jibu huhisi ameelewa, na hisia hiyo ni tamu na ya uongo. Nimewahi kumpa binti mmoja programu aliyoniletea kama yake, nikafuta mstari mmoja mbele yake na kumwomba aurudishe. Alikuwa na akili sana yule. Alikaa akiutazama ule uwazi kama mtu aliyeambiwa asome kwa hati asiyoijua.

Wanaodesa hudhani nawakamata kwa sababu kazi zinafanana. Kufanana tu hakusemi kitu. Programu fupi za mwaka wa kwanza lazima zifanane. Kinachosema ni makosa. Aliyeita kigezo chake "jumal" badala ya "jumla", na akalikosea hivyohivyo mwanzo hadi mwisho, programu yake itakwenda bila tatizo, kwa sababu kompyuta haijali tahajia ya majina mradi yalingane. Lakini "jumal" likitokea kwenye kazi za watu wawili wanaoapa hawajawahi kukaa pamoja, hapo tunaitana. Wajanja hubadilisha majina yote. Hawajui kwamba tangu mwaka 1994 kuna mfumo uitwao Moss, uliotengenezwa na Alex Aiken, ambao haujali majina: unaukata msimbo vipande vidogovidogo na kulinganisha umbo lake. Nao hautoi hukumu. Unaonyesha palipofanana, kuhukumu ni kazi ya mwalimu, na si kazi ninayoipenda.

Nisichokipenda zaidi ni kuwa hakimu wa misiba. Zamani kila aliyechelewa alitakiwa alete sababu, na sababu zilikuja: umeme umekatika, flashi imeliwa na virusi, bibi amefariki. Walimu wana utani mbaya kuhusu mabibi wanaofariki wiki ya asainmenti. Siucheki tena, kwa kuwa baadhi ya mabibi hao walifariki kweli, na mjukuu akasimama mbele ya meza yangu akijieleza kama mshtakiwa. Sasa kila mwanafunzi anapewa siku chache za kuchelewa kwa muhula mzima, azitumie apendavyo, bila kuniambia kwa nini. Zikiisha zimeisha. Utaratibu huu upo kwenye vyuo vingi Marekani, na sioni kwa nini hapa usienee. Aliyefiwa halazimiki kuthibitisha, na aliyelala halazimiki kudanganya.

Kuna kingine nilichokichukua Harvard. Mwaka 2014 CS50 waliongeza kifungu cha majuto: aliyevunja utaratibu akija mwenyewe ndani ya saa 72 kusema, anaweza kupoteza alama za kazi ile, lakini hapelekwi kwenye nidhamu, ila kama ana mazoea. Wenzangu waliniambia nimewafungulia watu mlango wa kudesa halafu waje kutubu. Haikuwa hivyo. Wanaokuja ni wachache, na wote hukaa kwenye kiti kwa namna moja, ukingoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Mwalimu, ile ya Jumatatu… si yangu."

Baada ya hapo tunazungumza kuhusu lupu. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mazungumzo bora ya ofisini kwa muhula mzima, kwa kuwa hakuna anayeigiza. Tangu hapo mwanafunzi yule huniuliza maswali bila kujipamba.

Sasa, ChatGPT. Tangu ilipotoka Novemba 2022, rafiki aliyepaswa kunyimwa msimbo amegeuka kuwa rafiki asiyelala, asiyechoka na asiyejua kusema hapana. CS50 wamezuia zana hizo, wakatengeneza bata wao wa kompyuta anayetakiwa kumwongoza mwanafunzi bila kumpa jibu. Sisi hatuna bata. Na wanafunzi wana hoja: "Mwalimu, huko kazini si wote wanaitumia?" Wanaitumia, ndiyo. Ila mwajiri hamlipi mtu kwa ajili ya mstari ulioandikwa vizuri. Anamlipa kwa ajili ya siku ambayo mstari huo unakataa kufanya kazi na wateja wako foleni.

Kwa hiyo mwaka huu kuna kifungu kipya. Anayetaka kuitumia aitumie, aandike juu ya faili ameiuliza nini, kisha aje maabara. Nitafuta mstari mmoja wa programu yake naye ataurudisha nikiwa nimesimama hapo, na nusu ya alama zitatoka kwenye huo mstari.

CR ameshaniuliza, kwa niaba ya darasa, kama mwanafunzi anaruhusiwa kuchagua mstari wa kufutwa. Nimemjibu kwamba nitachagua mimi.