Nilifuata tembo wa mbao, nikaulizwa habari za Kilwa

NILIKWENDA Nantes kumwona tembo. Usicheke, msomaji wangu. Mimi mtoto wa Bongo, ambako tembo wanakatiza barabara kule Mikumi kama vile wanawahi daladala, nilikaa kwenye treni zaidi ya saa mbili kutoka Paris ili nikapange foleni kwa ajili ya tembo wa mbao na chuma!

Lakini tembo mwenyewe si mchezo. Ana urefu wa mita 12, anabeba abiria 50, anatembea, na mkonga wake unawamwagia watu maji. Alianza mikogo yake mwaka 2007, mahali palipokuwa na viwanda vya kuunda meli ambavyo vilifungwa mwaka 1987. Nililowa, nikacheka na watoto wa watu, nikajisemea moyoni kuwa nauli yangu imeshalipa.

Baada ya hapo nikaanza kuzurura. Nantes huhitaji kuuliza njia. Wamechora mstari wa kijani chini, wewe unaufuata tu kama siafu, unakupitisha penye mambo. Mimi ulinifikisha kwenye ngome ya watawala wa zamani wa Bretagne, iliyoanza kujengwa mwaka 1466. Humo ndimo alimozaliwa Anne wa Bretagne mwaka 1477, yule bibie aliyeolewa na wafalme wawili wa Ufaransa, mmoja baada ya mwingine. Uani na juu ya kuta unatembea bure. Ukitaka kuingia makumbusho ya historia ya mji, hapo sasa unatoa vijisenti.

Nikatoa. Chumba hiki picha za mto Loire, kile vyombo vya mezani vya matajiri. Mara nikakutana na vitambaa vya pamba vyenye maua mekundu, vizuri ajabu. Wenyewe waliviita 'indiennes', kwa vile waliiga vya India. Nikawaza, mama angeona hivi angedai doti mbili. Nikasogea kusoma maelezo, nikachoka! Vitambaa vya aina ile vilishonewa nguo na kupambia nyumba, na vingine vilipakiwa melini kwenda Afrika kununulia watu.

Pembeni kuna mchoro wa meli iliyoitwa Marie-Séraphique, wa miaka ya 1770. Umechorwa kwa utaratibu kabisa: mapipa hapa, chakula pale, na Waafrika wamelazwa kama magunia ya mkaa. Hakuna aliyeficha kitu. Ilikuwa kazi yao, na aliyechora alijivunia kazi.

Nantes ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya Ufaransa kwa biashara hiyo. Meli zake zilifanya safari zaidi ya 1,700 na kubeba watu zaidi ya 450,000, wengi wao kupelekwa visiwa vya Karibi kwenye mashamba ya miwa. Zile nyumba ndefu za mawe nilizokuwa nikizipiga picha tangu asubuhi, nyingine walizijenga wenye meli hizo.

Nikiwa nimesimama pale, mama mmoja wa makamo, mhudumu wa makumbusho, akaniuliza natoka wapi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, changu nacho hakina nauli ya kufika mbali, lakini tulielewana. Niliposema Tanzania, uso wake ukachangamka.

"Basi Kilwa unaijua!"

"Naijua sana," nikamjibu bila kupepesa macho.

"Na ule msikiti mkubwa wa kale, bado umesimama?"

Hapo nikakohoa. Ukweli ni kwamba sijawahi kukanyaga Kilwa. Naijua kwenye daftari la darasa la saba. Huko shuleni tuliambiwa kuwa mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliyekuwa akifanya biashara kutoka kisiwa tunachokiita leo Mauritius, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa piastra 20. Nilikariri kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikasahau. Leo mama wa Kifaransa ananiuliza habari za kwetu, namdanganya.

Nilitoka nimenywea, nikaenda hadi gati ya Fosse, kando ya mto. Hapo mwaka 2012 mji ulifungua mnara wa kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa. Juu, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna vibao 2,000 vya kioo vilivyolazwa chini. Vibao 1,710 vina majina ya safari za meli na miaka yake. Vilivyobaki vina majina ya vituo na bandari. Watu wanapita na mbwa wao, na baiskeli zao. Ukishuka ngazi unaingia kwenye ujia mrefu ulio usawa wa maji, unasikia mto ukigonga kuta. Kiingilio hakuna. Wafaransa walikomesha utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, mpaka ukafutwa moja kwa moja mwaka 1848.

Nilikaa huko chini kitambo. Washikaji, hawa watu wameandika aibu yao kwenye kioo na kuilaza njiani, mtu asipite bila kuikanyaga. Sisi Kilwa Kisiwani ipo, imo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, nasi weekendi tunajua njia ya ufukweni tu.

Nimerudi Dar. Tiketi ya basi la kusini ninayo mfukoni, nikifika Kilwa Masoko navuka kwa boti. Msikiti nausikia bado umesimama, lakini safari hii nataka niuone kwa macho yangu. Yule mama nilimwambia naijua sana.